Salming Hakuwa Makovu Tu

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jumuiya ya Waswahili, Toronto

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, hamjambo. Na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona pia.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mchezaji mmoja wa hoki ya barafu. Nimemchagua mtu ambaye wengi wenu mmeshapita mbele ya sanamu yake mkikimbilia treni pale Union Station. Nje ya Scotiabank Arena ipo safu ya sanamu za wachezaji wa zamani wa Toronto Maple Leafs, na mmoja wao ni Msweden: Börje Salming, beki, jezi namba 21. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 71.

Habari zake hapa mjini husimuliwa kwa mtindo mmoja. Alikuja kutoka Ulaya, wakampiga, hakukimbia, kwa hiyo akawa shujaa. Mimi nayakubali yote isipokuwa lile "kwa hiyo". Waliopigwa kwenye barafu ya Marekani na Kanada miaka ile ni wengi, wengi wao hawakukimbia, na leo majina yao hayajulikani hata mtaani kwao. Salming aliwekewa sanamu kwa sababu alijua kucheza. Hilo ndilo nataka tulizungumze jioni hii, kwa sababu naona linasahaulika.

Kwa wale ambao hoki wanaiona kwa kinyozi tu, televisheni ikiwa imezimwa sauti: kila timu huwa na watu 6 barafuni, yaani kipa, mabeki 2 na washambuliaji 3. Wanavaa viatu vya kuteleza vyenye chuma kikali chini, wanashika magongo, wanakimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa na mtu anayejua kupiga, kisahani hicho hupita kilomita 150 kwa saa. Vipindi ni 3, kila kimoja dakika 20, na kumgonga mwenye kisahani kwa bega ni halali. Msidhani ni mchezo wa watu wengine kabisa. Nairobi kuna kiwanja cha barafu pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na vijana wa Ice Lions waliletwa Kanada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby mwenyewe. Haya, turudi kwa Msweden wetu.

Salming alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951 huko Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako mwezi wa Desemba jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Kiruna ni mji wa mgodi wa chuma. Mgodi umeichimba ardhi chini ya mji mpaka sasa inabidi sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Mwaka 2025 kanisa lao kubwa la mbao lilibebwa zimazima juu ya magari likapelekwa mahali pengine. Kwa upande wa baba, Salming alikuwa na asili ya Wasami, wenyeji wa tangu zamani wa kaskazini ile. Baba huyo alifia mgodini kwa ajali, mtoto akiwa na miaka 5. Akalelewa na mama, na kwenye hoki akawa anafuata nyayo za kaka yake, Stig.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Salming alifundishwa ugumu na Wamarekani, mwambie aitazame ramani kwanza.

Mwaka 1970 alihamia Brynäs, klabu ya mji wa Gävle, ambako Stig naye alicheza. Brynäs wakati ule ilikuwa moto. Salming alitwaa nayo ubingwa wa Sweden mwaka 1971 na tena 1972. Timu ya taifa ikamwita, akapata medali ya shaba kwenye mashindano ya dunia ya 1972, na fedha mwaka uliofuata.

Hapa naomba nikae kidogo. Viwanja vya Ulaya vilikuwa na upana wa mita 30. Vya huku ni mita 26 tu. Mita 4 zinaonekana si kitu, ila kwa mtu anayeteleza kwa kasi huku mwingine anamjia, ndizo nafasi ya kupumua. Halafu kuna suala la sheria. Katika hoki ya kimataifa, hadi mwaka 1969, ulikuwa huruhusiwi kumgonga mtu kwa mwili katika eneo la mpinzani. Kijana aliyekulia Sweden alijifunza kumnyang'anya mwenzake kisahani kwa gongo, kwa miguu na kwa kuisoma hatua yake inayofuata, kwa maana njia ya bega ilikuwa imefungwa sehemu kubwa ya kiwanja. Ulf Sterner, Msweden wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, aliingia New York Rangers mwaka 1965 akitoka katika malezi hayo. Alicheza mechi 4, basi, akarudi kwao.

Watu wa huku wakatoa hukumu kwamba Wasweden ni waoga. Walichokuwa wamekiona ni tofauti ya sheria na tofauti ya kiwanja, wao wakaiita tabia ya taifa zima. Sisi tuliomo ukumbini humu tunaijua hesabu ya namna hiyo, kila mtu na ya kwake kazini, sina haja ya kuirefusha.

Mwishoni mwa 1972 msaka vipaji wa Toronto, Gerry McNamara, alisafiri kwenda Sweden kumtazama kipa aitwaye Curt Larsson. Kufika, kipa ameumia. Ili nauli isipotee bure akaenda kuangalia Brynäs ikicheza na Barrie Flyers, timu ya hapa Ontario iliyokuwa ziarani. Vijana wa Barrie walicheza kibabe, kama ilivyokuwa desturi yao. McNamara akamwona beki mmoja mrefu, mwembamba, asiyerudi nyuma hata hatua moja, ambaye mwishowe refa alimtoa nje mechi haijaisha. Bwana McNamara akainuka kitini akamfuata hadi chumba cha kubadilishia nguo, akamuuliza kama angependa kuchezea Toronto. Siku hiyohiyo alivutiwa pia na winga wa Brynäs, Inge Hammarström. Mwaka 1973 wote wawili wakaja.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Oktoba 1973, nyumbani, dhidi ya Buffalo, na Leafs walishinda 7-4. Ya pili ilikuwa Philadelphia. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Philadelphia walimpa gongo la mbavu siku ya pili. Philadelphia Flyers wa miaka ile walikuwa timu nzuri, tusiwavunjie heshima, walichukua kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 1974 na 1975. Lakini ngumi na vitisho vilikuwa sehemu ya mpango wao wa mchezo, na Msweden alikuwa windo rahisi kuchokoza. Kila mji walikokwenda wale wawili walizomewa kuwa ni waoga. Salming alijibu alipolazimika kujibu, na ngumi alizirusha, ingawa hakuwa mpiganaji hodari wala hakujidai kuwa. Kisha akaendelea kucheza.

Hammarström alikuwa na kasi na mikono laini, na hakupenda ugomvi. Mmiliki wa klabu, Harold Ballard, akamkejeli hadharani kwamba angeweza kuingia kwenye kona za kiwanja na mayai 6 mfukoni akatoka bila kuvunja hata moja. Huyo ndiye aliyekuwa mwajiri wake, jamani. Mwaka 1977 wakamuuza St. Louis. Watu humtaja Hammarström kama mfano wa aliyeshindwa, nami siafiki. Baadaye alikuja kuwa msaka vipaji wa Philadelphia, ndiyo, hao hao Flyers, na alikuwa nyuma ya uamuzi wao wa kumchagua kijana mmoja wa Sweden mwaka 1991. Kijana huyo ni Peter Forsberg, aliyekuja kuwa mmoja wa nyota wakubwa wa hoki. Mtu wa mayai mfukoni alikuwa na jicho.

Sasa uchezaji wenyewe. Kabla ya miaka ya sabini, beki wa kawaida katika NHL kazi yake ilikuwa kulinda lango, kugonga, na kuutoa mzigo kwenye eneo la hatari. Bobby Orr wa Boston alikuwa ameshaanza kuvunja mazoea hayo, kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikadai Salming ndiye wa kwanza. Ila Toronto hawakuwa na mtu wa aina hiyo. Salming alikichukua kisahani nyuma ya lango lake mwenyewe, akainua kichwa, akatoka nacho kwa mwendo wa kuinama chini, na wachezaji 2 wa mbele waliokuja kumkaba wakajikuta wamekaba hewa. Akiona mwenzake amefunguka mbali, alitoa pasi ndefu iliyolala barafuni na kufika mwisho wa gongo. Washambuliaji wakaanza kuondoka mapema, kwa sababu walijua mzigo utawafuata.

Na upande wa pili wa kazi hakuuacha. Mpinzani akiinua gongo kupiga, Salming alijilaza mbele ya kisahani. Makocha wengi wa wakati ule hawakupenda beki alale, maana ukikosea umeshatolewa mchezoni. Yeye alikuwa na wepesi wa kulala na kuinuka kabla mpigaji hajajua la kufanya. Kulijia shuti kwa mwili wako kunahitaji moyo, hilo ni kweli, lakini kujua shuti litapita wapi ni elimu. Watu wameusifia moyo wakaisahau elimu.

Takwimu zinamuunga mkono. Msimu wa 1976-77 alifunga mabao 12 na kutoa pasi za mabao 66. Kwa beki! Kwa miaka 6 mfululizo, kuanzia 1975 mpaka 1980, alichaguliwa katika kikosi cha kwanza au cha pili cha nyota wa ligi. Tuzo ya Norris, ya beki bora, aliikosa mara 2 akiwa wa pili, mwaka 1977 na 1980, na mara zote aliyemzidi ni Larry Robinson wa Montreal. Pembeni yake Toronto kulikuwa na beki mwingine mwenye kipaji, Ian Turnbull, ambaye Februari 1977 alifunga mabao 5 katika mechi moja. Mbele walikuwapo Darryl Sittler na Lanny McDonald. Wazazi, timu hiyo ilikuwa tamu kuitazama.

Mwaka wa kugeuka ni 1976. Mwezi wa Aprili, katika mechi za mtoano, Flyers walikuja tena. Mel Bridgman alimshambulia Salming kwa ngumi kiasi kwamba Mwanasheria Mkuu wa Ontario, Roy McMurtry, aliwafungulia mashtaka wachezaji kadhaa wa Philadelphia kutokana na vurugu za usiku ule. Watu hupenda kuishia hapo. Ila mechi iliyofuata Salming alichomoka peke yake, akabaki na kipa Bernie Parent uso kwa uso, mmoja wa makipa bora duniani wakati ule, akafunga. Maple Leaf Gardens nzima, uwanja wa nyumbani wa Leafs wakati ule, ilisimama. Toronto walishinda usiku ule, ingawa mfululizo wenyewe ulikwenda kwa Philadelphia baada ya mechi 7.

Halafu Septemba. Kombe la Kanada lilichezwa kwa mara ya kwanza, na Sweden wakashuka Maple Leaf Gardens. Salming alikuwa amevaa jezi ya njano ya kwao, yaani alikuwa mpinzani. Jina lake lilipotangazwa, watazamaji wa Toronto waliinuka wakampigia makofi, na makofi hayakuisha upesi. Miaka 3 tu nyuma yake Wasweden walikuwa wakizomewa ligi nzima. Watazamaji hawa hawakuwa wamehudhuria semina ya kupendana na wageni. Walikuwa wamemtazama mtu huyo kila Jumamosi usiku, wakajua wanachokiona.

Kombe la Stanley hakulipata kamwe. Walilikaribia kidogo mwaka 1978, walipowatoa New York Islanders kwa bao la McDonald katika muda wa nyongeza wa mechi ya 7. Salming hakuwepo barafuni, alikuwa ameumizwa jicho kwa gongo katika mfululizo huohuo. Hatua iliyofuata Montreal wakawafagia. Baada ya hapo klabu ikajiharibu yenyewe. Meneja mkuu Punch Imlach alirudi mwaka 1979, akamuuza McDonald, na Sittler kwa hasira akaibandua alama ya unahodha kutoka kwenye jezi yake. Katika miaka ya themanini Leafs hawakumaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Salming alibaki. Nimesikia watu wakiusifu uaminifu wake wa miaka hiyo. Mimi nikiangalia naona ubadhirifu: umepewa mmoja wa mabeki bora wa kizazi chake, ukamzungushia timu ya kushika mkia.

Hakuwa malaika. Mwaka 1986 alikiri gazetini kwamba miaka ya nyuma aliwahi kujaribu kokeini, na ligi ikamfungia mechi 8. Novemba mwaka huohuo, katika rabsha mbele ya lango mjini Detroit, chuma cha kiatu cha Gerard Gallant kilimpasua uso kutoka juu ya jicho hadi mdomoni. Alishonwa nyuzi zaidi ya 200. Picha mnaijua, imezunguka kwenye simu zenu, nami sitaichambua. Niseme tu kwamba ilikuwa bahati mbaya, hakuna ushujaa katika kukanyagwa, na kama picha hiyo ndiyo kitu pekee mnachokijua juu yake, mmeibiwa.

Januari 1988 alifikisha mechi 1,000 za NHL, mchezaji wa kwanza aliyelelewa na hoki ya Ulaya kufika hapo. Mwaka 1989 alihamia Detroit kwa msimu mmoja, kisha akarudi Sweden kuchezea AIK ya Stockholm hadi 1993. Katikati ya hapo, mwaka 1992, aliichezea Sweden kwenye Olimpiki ya Albertville akiwa na miaka 40. Hesabu yake yote ya NHL ni mechi 1,148, mabao 150, pasi za mabao 637. Kati ya hizo pasi, 620 alizitoa akiwa Toronto, na mpaka leo hakuna mchezaji wa Leafs, beki wala mshambuliaji, aliyezifikia. Mwaka 1996 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki, Msweden wa kwanza. Namba 21 ilistaafishwa rasmi na klabu mwaka 2016.

Agosti 2022 ilitangazwa kwamba anaumwa ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ukaenda haraka, sauti ikawa imeshakatika. Novemba alisafiri hata hivyo kuja Toronto, wikiendi ambayo Daniel Alfredsson na mapacha Daniel na Henrik Sedin, Wasweden watatu kwa mpigo, walikuwa wanaingizwa katika Ukumbi uleule wa Mashujaa. Sittler alisimama pembeni yake akamsaidia kuinua mkono kuwapungia watu. Kocha wa Leafs wakati ule, Sheldon Keefe, alianzisha mechi dhidi ya Vancouver na Wasweden watupu. Fikirini kidogo: klabu iliyokuwa na Wasweden 2 mwaka 1973, na mmoja akadhihakiwa na mwajiri wake, sasa ilikuwa nao wa kutosha kujaza barafu. Tarehe 24 mwezi huo Salming alifariki kwao Sweden.

Nimalizie na swali la kijana mmoja aliyenikamata mlangoni kabla hatujaanza. Ameniuliza: mzee, nani zaidi, Salming au Nicklas Lidström? Ni swali la haki, maana Lidström naye ni beki, Msweden, aliingia Detroit mwaka 1991, muda mfupi tu baada ya Salming kuondoka hapo. Alichukua Norris mara 7 na kombe la Stanley mara 4, moja kati ya hayo akiwa nahodha, mchezaji wa kwanza aliyelelewa na hoki ya Ulaya kulinyanyua kwa cheo hicho. Ukiniwekea kalamu mkononi nichague beki wa kulinda bao moja dakika ya mwisho, namchukua Lidström, sifikirii mara mbili. Alikosea kwa nadra mno. Lakini Lidström alipofika alikuta makocha wanaojua Msweden anaweza kufanya nini, waamuzi wanaomlinda, na timu iliyojengwa kwa pasi. Wakati wa Salming vitu hivyo havikuwepo, na bado kwenye mechi za 1976 na 1977 alikuwa anatoa pasi ambazo Lidström angezikubali kuwa zake. Nikitaka kushinda kombe, Lidström. Nikipewa tiketi moja ya kwenda kutazama mtu akicheza, nakwenda kumtazama Salming wa msimu ule wa pasi 66.

Asanteni kwa kunisikiliza. Chai ipo nyuma, na anayebisha kuhusu Lidström aje na kikombe chake.